Ghala na Orodha: Msaada wa Chakula katika Nchi ya Ubena

Njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji, 1905–1907, haikuletwa na ukame: majeshi ya Wadachi yalichoma nafaka na mashamba. Chini ya Waingereza, baada ya Sheria ya 1926 ya serikali za wenyeji, jumbe aliyewaandika walipa kodi ndiye aliyepeleka bomani habari za njaa.

Mahongole ya leo imo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, na Makambako ni makao ya kanda ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa 2008. Ukaribu wa ghala, hata hivyo, haumpatii mjane hata debe moja. Ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, ambayo ni fedha wala si mahindi, huanzia mkutanoni: majina hutajwa, fomu hujazwa, kisha orodha hurudishwa ithibitishwe. Asiye na wa kumtaja hukosa kabla ya fomu kufunguliwa. Apewaye huitwa “mlengwa”; na neno lenyewe ni la kutendwa, kwani mtu hajilengi, hulengwa. Hata akishaandikwa, mahudhurio ya mtoto wake shuleni huthibitishwa na mwalimu, si na mzazi.