Nyonya, nyonyesha na «maziwa ya mama pekee»

Kitenzi nyonya humhusu mtoto; mama hunyonyesha, kwa mnyambuliko wa kusababisha. Mtoto anyonyaye na mama anyonyeshaye ni watu wawili, na tafsiri haina budi kuwatenganisha. Nomino ya kitendo cha mama ni unyonyeshaji. Unyonyaji lilikwisha kutekwa na siasa: tangu zama za Azimio la Arusha la 1967 msomaji wa Tanzania hulielewa kwanza kuwa ni kula jasho la mwingine. Kwa kitendo cha mtoto, kunyonya latosha.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika neno dogo, pekee. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba katika miezi 6 ya mwanzo mtoto asipewe kitu kingine isipokuwa maziwa ya mama. Ushauri huo hufupishwa hivi: «Mtoto apewe maziwa ya mama pekee.» Sentensi hiyo ina utata. Pekee likifungamana na kirai kizima, maziwa ya mama, mtoto hali wala hanywi kingine. Likifungamana na mama, maana hubadilika: kati ya maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kopo na ya mama, yachaguliwe ya mama. Usomaji huu wa pili haugusi maji, na mama aufuataye atampa mtoto maji siku za joto akiamini kwamba ametii. Kuongeza «asipewe chakula kingine» hakuzibi pengo, kwa kuwa maji hunywewa, hayaliwi, na ni wachache wayaitao chakula.

Afadhali sentensi ndefu iliyo wazi: «Katika miezi 6 ya mwanzo mtoto apewe maziwa ya mama bila kuongezewa kitu kingine chochote, hata maji, isipokuwa dawa alizoandikiwa na mhudumu wa afya.» Maneno mawili, hata maji, ndiyo yabebayo ujumbe, mhariri asiyafute kwa kutafuta ufupi. Kunyonya pekee nako hakufai, kwani humwondoa mtoto anyweshwaye kwa kikombe maziwa yaliyokamuliwa na mama yake, ilhali naye yumo ndani ya ushauri huo.

Achisha ziwa, na kisawe chake likiza, humaanisha kukomesha kunyonya. Wafasiri huyatumia mno panapozungumzwa kumwanzishia mtoto uji na vyakula laini atimizapo miezi 6. Hilo ni kosa lenye madhara: «vyakula vya kuachisha ziwa» humwambia mama kwamba wakati wa kunyonyesha umekwisha, ilhali ushauri ni kuendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Istilahi sahihi ni vyakula vya nyongeza, nayo inajieleza: kinachoongezwa hakiondoi kilichopo.

Kuhusu ziwa lenyewe: umoja hudumu katika misemo kama hiyo, lakini wingi, maziwa, hueleweka kuwa kinywaji. Kwa kiungo, andika titi, matiti. Chuchu ni ncha yake tu.

Dang'a ni maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ya binadamu au ya mnyama. Huwa mazito na mara nyingi ya manjano. Neno ni zuri, ila si kila msomaji alijuaye. Katika kipeperushi cha kliniki, liandikwe pamoja na maelezo: «dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya manjano, usiyakamue na kuyamwaga.»