NSSF: Kilichopanda Ni Kikomo, Si Asilimia

Uzi kidogo kuhusu NSSF, maana kila Februari mshahara ukiingia watu wanarushiana maneno hapa, na mikutanoni kila anayeshika kipaza sauti anasema "wameongeza asilimia tena". Hapana. Asilimia ni ileile ya sheria ya 2013: 6 yako, 6 ya mwajiri. Kinachosogezwa ni kikomo, yaani sehemu ya mshahara inayokatwa.

Turudi nyuma. NSSF ilianzishwa 1965 kama akiba tu: unaweka, mwajiri anaweka, ukistaafu unapewa zote kwa mkupuo. Si pensheni ya kila mwezi. Kabla ya sheria mpya, kiwango kilikuwa asilimia 5 kila upande, lakini kisizidi Sh200. Sasa piga hesabu. 200 ni asilimia 5 ya 4,000, kwa hivyo kila shilingi uliyopata juu ya 4,000 haikuhesabika. Wa 40,000 na wa 400,000 wote waliwekewa 400 kwa mwezi, ukijumlisha na ya mwajiri!

Baba yangu alikuwa mlinzi wa usiku. Karatasi zake za mshahara bado ziko kwenye bahasha nyumbani: NSSF 200, 200, 200. Mshahara ulisogea, bei ya unga ikasogea, 200 ikabaki 200. Miaka 20 ya hivyo ni Sh96,000 kabla ya riba. Alipolipwa tulinunua mabati, na deni la dukani likameza iliyobaki. Siku hizi dawa za presha ananiomba mimi, na mimi bado niko chuo.

Ndiyo maana sheria ya 2013 iliandikwa. Ilifaa kuanza Januari 2014, ikakwama kortini. Septemba 2022 Mahakama ya Ajira ikaiharamisha, Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifufua na makato yakaanza. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Juu ikarudisha kesi kwa Rufaa isikizwe upya, lakini makato hayakusimama.

Kikomo cha juu 2023 kilikuwa mshahara wa 18,000. 2024 kikawa 36,000, na 2025 kikafika 72,000. Kwa hivyo makato ya juu kabisa yametoka 1,080 hadi 2,160, kisha 4,320.

Lakini mtu wa 15,000? Alikatwa 900 mwaka 2023, na 2025 akakatwa 900 ileile. Huyu ndiye "mwananchi wa kawaida" wa hotuba, na ongezeko la kila Februari halijamgusa. Kilichomuuma ni ule mruko wa kwanza, 200 hadi 900, na kwenye karatasi hiyohiyo sasa kuna asilimia 2.75 ya SHIF na 1.5 ya nyumba. Hilo lalamiko nalielewa kabisa.

Swali ambalo sisikii mtu akiuliza ni nani anashika hizo pesa. Kuna Daraja la Kwanza, ambalo lazima liende NSSF, na kuna Daraja la Pili, ambalo mwajiri anaweza kuomba kulipeleka kwenye mpango mwingine wa uzeeni uliosajiliwa. Mwenye mshahara mkubwa, pesa zake nyingi ziko hapo kwa la Pili. Muulize anayeshughulikia mishahara kazini kwenu yako inaenda wapi.