Maduka ya Lushoto na mwaka 1863

Nimekuwa kimya kidogo. Nilipanda Lushoto kumsalimia shangazi, na kama kawaida yangu nimerudi na kapu la matunda na swali moja. Matunda yameisha. Swali bado ninalo.

Mnaoijua njia ile mnajua kwamba ukishaiacha Mombo, barabara inajikunjakunja kupita Soni kwa kilomita thelathini na kitu mpaka mjini. Nilishuka kwenye basi mvua ikinyesha, nikajibanza kwenye baraza la duka moja la zamani. Kuta nene, nguzo za mbao, paa la bati lililoshuka mpaka kufunika baraza lote. Tulikuwa watu kama kumi pale, wala hakuna aliyetufukuza. Mwenye duka, mzee wa makamo, akaniletea kigoda. Tukapiga soga.

Akaniambia anataka kulibadilisha duka. Baraza ataliziba kwa tofali apate fremu mbili za kupangisha, paa atalishusha aweke bati jipya la rangi, na madirisha ya mbao yatoke, yaje ya aluminiamu. Kibali cha ujenzi ataomba halmashauri. Nikamuuliza, je, hakuna atakayekuuliza habari za historia ya jengo? Akacheka. "Mwanangu, historia hainilipii karo za wajukuu."

Sikuwa na jibu. Lakini niliporudi Dar nikaenda kuisoma sheria, na hapo ndipo nilipokutana na mwaka 1863.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1964. Kwa sheria hiyo, jengo linahesabiwa moja kwa moja kuwa kumbukumbu ya kale kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi huo, mpaka Waziri alitangaze. Likishakuwa kumbukumbu, huruhusiwi kulibomoa wala kulibadilisha bila kibali. Kama halimo, shauri lake linabaki kati ya mwenye nyumba na anayetoa kibali cha kawaida cha ujenzi.

Sasa hebu tuupeleke huo mwaka milimani.

Kabla ya 1863 mji mkubwa wa Usambara ulikuwa Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa ukoo wa Kilindi. Mmisionari Krapf alifika huko mwaka 1848 na tena 1852. Burton na Speke wakafika mwaka 1857. Mji ule ulikuwa wa nyumba za miti, udongo na nyasi. Nyumba za namna hiyo hujengwa upya kila baada ya miaka michache, na moto ukija haubaki hata mlango. Kwa hiyo kile ambacho sheria ingekilinda Usambara kwa umri wake peke yake, hakipo. Mwaka 1863 unawafaa watu wa pwani wenye misikiti na makaburi ya mawe, kama Kilwa au Tongoni. Kwa mji wa milimani haufai kitu.

Na kile kilichopo Lushoto leo kilikuja baadaye. Wajerumani waliufanya mji huu makao ya wilaya wakauita Wilhelmstal, kwa jina la Kaizari wao. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na bidhaa zikapata njia fupi ya kufika chini ya mlima. Wenye maduka wakafuata. Mwaka 1916 Waingereza wakautwaa mji, na jina la Lushoto likarudi. Kwa jicho la sheria, duka la enzi hizo ni kijana mdogo tu. Msicheke: hata Boma la Kale la Dar es Salaam, la enzi za Sultani Majid, lilijengwa miaka michache baada ya 1863!

Kuna kichekesho kingine. Sheria hiyohiyo inaulinda mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo duka lenye mlango wa nakshi wa mwaka 1930 mlango wake umelindwa, na nyumba yenyewe haimo.

Najua kuna mdau ameshaanza kununa. Kwa nini tujitese kulinda alama za mkoloni? Swali halali. Lakini mimi nauliza, historia ya mji ule ni ya nani? Kuanzia mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal Wajerumani walianzisha kadi za kazi. Mwanamume alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku thelathini kwa mzungu kila miezi minne, la sivyo apelekwe kwenye kazi za serikali. Ujira mdogo wa kibarua yule uliishia wapi kama si dukani, kwa kitambaa na chumvi? Maduka hayakuwa ya gavana. Yalikuwa ya wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya India, na kwenye mabaraza yao walikaa Washambaa walioteremka na mizigo yao siku za gulio. Ukilifuta baraza, anayesahaulika zaidi ni huyo aliyekaa hapo. Kaizari ana vitabu vyake.

Tena majengo haya yamebeba pia historia ya baada ya uhuru. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha nchini zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba iliyozidi umri wa miaka kumi haikulipiwa fidia. Wenye nyumba wengi wakaondoka nchini, wapangaji wakabaki, na paa likivuja hapakuwa na aliyejua ni la nani. Miji yetu mingi bado ina majengo ya namna hiyo.

Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao, maana mambo ya kale si suala la Muungano. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwenye nyumba anayetaka kubadilisha dirisha anajua mlango wa kubisha. Hata hivyo karatasi haishiki dari: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ilianguka na kuua watu wawili. Sheria bila fedha ya matengenezo ni nusu ya kazi.

Basi Lushoto ifanye nini? Mimi sitaki mzee wangu akose karo za wajukuu. Ninachotaka ni ombi lake likifika halmashauri, kabla ya muhuri, aulizwe maswali matatu. Je, mabadiliko yanagusa uso wa jengo unaotazama barabara, au ni ya ndani na uani? Je, yanaweza kuondolewa baadaye bila kuvunja cha zamani? Je, jengo limepigwa picha na kupimwa kabla ya nyundo ya kwanza? Fremu mbili zinaweza kujengwa uani. Bati jipya linaweza kufuata mteremko uleule wa paa. Kuta za ndani azipange atakavyo. Baraza libaki, maana hilo ndilo sehemu ya duka lake inayotumiwa na mji mzima.

Haya hayahitaji kusubiri sheria mpya wala Waziri. Yanahitaji ofisa mmoja mwenye orodha ya majengo na nusu saa ya kuzungumza na mwombaji.

Mvua ilipokatika nilimshukuru mzee nikaondoka. Nyuma yangu baraza lilikuwa bado limejaa watu. Nikajiuliza, mvua ijayo watajibanza wapi?

Nanyi wadau wa Iringa, Bukoba, Moshi na Tanga, huko kwenu mabaraza yamebaki mangapi? Nawasikiliza.