Pujini: ngome ya Mkama Ndume inayopitwa na wageni

Mwaka 2025 Mji Mkongwe wa Unguja ulitimiza miaka 25 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo humo tangu 1981. Pemba haimo, na mgeni akishuka Chake Chake hukimbizwa kisiwa cha Misali kuzamia matumbawe. Anapitwa na Pujini, iliyo kama kilomita 10 tu kutoka mjini, kuelekea pwani ya mashariki.

Pujini si gofu pekee la Pemba: Ras Mkumbuu, yenye msikiti na makaburi ya nguzo, ni kongwe zaidi. Baadaye walikuja Wareno, kisha Waomani na mikarafuu yao. Hayo yanajulikana. Pujini ni habari nyingine: boma la karne ya 15, lililozungushiwa tuta kubwa la udongo, na mfereji uliopitisha vyombo kutoka baharini hadi karibu na ngome. Mwenyewe alikuwa Muhammad bin Abdulrahman, ambaye Wapemba wanamjua kwa jina la Mkama Ndume.

Sifa yake ni ukatili. Inasimuliwa kwamba wajenzi wake walibeba mawe kichwani huku wakisota kwa makalio, wasithubutu kusimama. Meja Pearce, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliyaeneza masimulizi ya Mkama Ndume katika kitabu chake cha mwaka 1920.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha kisima. Mkama Ndume alikuwa na wake wawili waliochukiana hata hawakutaka kukutana uso kwa uso. Mume akashindwa kuwapatanisha, akakigawa kisima kwa ukuta. Mmoja akawa anateka kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwenziwe akishuka ngazi za mawe mpaka kwenye maji. Kila mmoja na njia yake, kila mmoja na zamu yake. Mtu aliyeweza kuamrisha kisiwa kizima alishindwa na ugomvi wa uani kwake!

Mwanaakiolojia Adria LaViolette, aliyechimba pale, anatuonyesha zaidi ya udhalimu. Ndani ya boma kuna chumba cha chini ya ardhi, na ukutani mwake imechongwa siwa kwenye lipu. Siwa ni pembe ya enzi, haipulizwi na mtu yeyote tu. LaViolette anakiona chumba hicho kuwa mahali pa ibada ya mizimu. Nakubaliana naye: mtawala huyu alitafuta nguvu za ardhini pamoja na za jeshi, na hilo lingefaa kuwa jambo la kwanza kuelezwa mgeni kabla ya hadithi ya makalio.

Leo tuta limemomonyoka na vichaka vinalimeza. Hili linaniuma. Kusafisha njia, kuweka kibao cha maelezo na kufundisha vijana wa Pujini kuongoza wageni si gharama ya kuishinda serikali. Safari ianzie kwenye makumbusho ndani ya ngome ya Chake Chake, iende Pujini, kisha ipande kaskazini hadi Chwaka, kwenye kaburi la Haruni, anayetajwa kuwa mwana wa Mkama Ndume. Misali itembelewe kesho yake.