Idhini ya Mwenye Jengo na Hatima ya Mpangaji wa Kibanda

Katikati ya Nairobi, duka moja la zamani huweza kubeba biashara ishirini. Aliyelipanga hulikatakata kwa mbao na jipsamu, akapata vibanda ambamo muuzaji akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili. Kisha kila anayeingia hutozwa gudwili (kilemba, wangesema wa Kariakoo) na kodi ya mwezi juu yake. Mara nyingi mkataba wa huyo mpangaji mkuu unakataza jambo hilo hilo. Wanasheria tumezoea kuliona kama ugomvi wa watu wawili, mvunja sharti na mwenye mali. Nadhani anayeumia zaidi ni wa tatu.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 kinalichukulia sharti hilo kuwemo katika mkataba: mpangaji asimpangishie mwingine bila idhini ya maandishi, nayo idhini isinyimwe pasipo sababu ya maana. Sababu hizo zipo. Nyaya za duka la vitambaa zikibebeshwa pasi za saluni na cherehani kumi, moto hauko mbali. Mwenye jengo anayekataa kwa hofu hiyo simlaumu.

Ila wengi hawakatai; hunyamaza. Ajenti wao hupita katikati ya vibanda kila mwezi, akachukua kodi akaenda zake. Kifungu cha 73 kinakitambua kimya hiki: anayepokea kodi baada ya kosa, hali alijua au angejua kwa uangalifu wa kawaida, huhesabiwa kuwa amelisamehe. Kinga nzuri, lakini inamfaa mpangaji mkuu. Siku mpangaji mkuu atakapokula kodi za wenzake asimlipe mwenye jengo, upangaji utafutwa kwa deni, na kwa kawaida upangaji wa chini huanguka pamoja nao. Ilani hupelekwa kwa mdaiwa. Mwenye kibanda hupashwa habari na kufuli.

Hapa pana kichekesho cha kisheria. Sheria nyingine ya Kenya, Sura ya 301 ya 1965, hulinda upangaji wa maduka usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Ndiyo maana mikataba ya majengo mengi mjini ni ya miaka mitano na miezi mitatu. Mwenye kibanda asiye na karatasi yoyote amelindwa barabara dhidi ya mpangaji mkuu, mtu ambaye kufikia asubuhi ya kufuli hana tena duka la kumpa.

Uingereza, tangu 1892, mpangaji wa chini anaweza kuiomba mahakama impe upangaji moja kwa moja chini ya mwenye mali. Lakini haki ya kuomba haina faida kwa asiyejua kwamba kuna shauri. Pendekezo langu ni dogo: mwenye jengo aliyepokea kodi huku akijua kuna vibanda asiruhusiwe kufuta upangaji kabla ya kumpelekea ilani kila aliyemo, naye apewe muda wa kulipa sehemu yake ya kodi moja kwa moja. Itadaiwa kwamba hajulikani nani yuko ndani. Leseni ya biashara ya kaunti hutundikwa ukutani, na jina limeandikwa juu yake.