Vibaba Viwili vya Mama

Chini ya kitanda cha mama, katika chumba chetu Mtaa wa Sikukuu, palikuwa na vibaba viwili. Vyote vilikuwa makopo ya mafuta ya kupikia yaliyoisha, yamekatwa mdomo na kukunjwa ukingo yasichane mkono. Kimoja kitako chake kilikuwa sawa. Cha pili kilikuwa kimegongwa nyundo kwa nje mpaka kitako kikabonyea kuelekea ndani. Ukivijaza mchele na kuusawazisha kwa kiganja, juu vinalingana, mnunuzi haoni kitu. Tofauti yake ilikuwa ukufi mmoja.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yangu ilikuwa kumletea mama kipimo. Akisema "Lete kibaba," nilileta kile kizima. Akisema "Lete cha bibi," nilileta kile kilichobonyezwa. Jirani wa chumba cha pili, mke wa balozi wa nyumba kumi, mama aliyetusomea Kurani msibani, hao walipimiwa kibaba. Mpita njia aliyekuwa akielekea kupanda basi Mnazi Mmoja alipimiwa cha bibi. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Nauza kanga Mtaa wa Uhuru mwaka wa ishirini na nane sasa. Kila wiki nasikia mtu akisema Kariakoo ni mji wa matapeli, na aliyelizwa huambiwa ameingizwa mjini, kana kwamba utapeli umeota hapa pamoja na minazi. Sikubali. Utapeli ule mimi niliuona ukifundishwa, na mmoja wa wanafunzi alikuwa mama yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa swala.

Jina lenyewe la mahali hapa lilianzia kwenye dhiki. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliwakusanya wapagazi wa Kiafrika katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916 wapagazi hao wakapiga kambi hapa. Mdomo wa Kiswahili ukalifanya jina Kariakoo. Soko likafuata katika miaka ya 1920. Lile la ghorofa lenye paa la miavuli ya zege, linalokusanya maji ya mvua, alilichora Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Nakumbuka nikishikwa mkono kushuka ngazi kwenda shimoni, harufu ya vitunguu na magunia mabichi ikipanda kutukuta.

Lakini soko lilipokuwa likimaliziwa, vitu vilikuwa vinakaribia kuadimika. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya jumla ilihamia mikononi mwa mashirika ya umma. Nafaka ikawa ya NMC, bidhaa za dukani zikawa za RTC, na tangu 1973 Tume ya Bei ya Taifa ikawa inapanga bei za vitu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili yale ya ushirika yachukue nafasi. Nia ilikuwa njema, na wazazi wetu waliiamini. Kisha mambo yakaanguka kwa kufuatana: Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, bei ya kahawa ikashuka, vita ya Kagera ikaanza 1978, mafuta yakapanda bei 1979. Viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Sabuni, sukari, unga, kanga, betri za redio, vyote vikawa vya foleni. Tuliamka alfajiri kuweka jiwe mahali petu kwenye mstari, tukarudi kulala kidogo, na jiwe likatusubiri. Tulikula ule unga wa mahindi ya njano kutoka nje ambao watu waliubatiza unga wa Yanga.

Sasa tazama hesabu ya mama. Mchele wake ulitoka Ifakara kwa treni ya TAZARA. Sheria ilimruhusu mtu kusafirisha kilo 30 tu za nafaka bila kibali, kwa hiyo gunia moja lilihitaji ndugu watatu au safari tatu, au kumpoza mtu kwenye kizuizi. Bei ya serikali ilikuwa chini ya ile aliyonunulia. Akiuza kwa bei ya serikali, sisi hatuli. Akiuza kwa bei ya kuruka, yeye ni mlanguzi. Hapakuwa na njia ya tatu ambayo ingemwacha awe raia mwema na mama mwenye watoto walioshiba.

Hapo ndipo nyundo ilipoingia. Mtu ambaye tayari ni mhalifu kwa kuuza mchele tu, uongo mmoja zaidi haumwongezei mzigo mkubwa. Sheria isiyotekelezeka haivunjwi peke yake. Huvunjika pamoja na zile za haki zilizo jirani yake, hata ile ya kale kabisa ya kutopunja kipimo, ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua.

Machi 1983 ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Bunge likatunga sheria yake mwaka huohuo, ikaunda mahakama maalumu ambazo mshitakiwa hakuwa na wakili wala dhamana. Mjini hofu ilitembea usiku. Watu walitupa bidhaa baharini, mitaroni, vichakani. Mama alikuwa na miche sita ya sabuni ya kufulia. Nilimshikia kibatari akiikatakata kwa kisu, maana mche mzima ungekwama, kisha akaidondosha chooni kipande kimoja kimoja, midomo ikimtetemeka. Wiki iliyofuata alinifulia sare ya shule kwa majani ya mpapai.

Simlaumu Sokoine. Watu maskini walimpenda kwa sababu aliwachukia wezi, na alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984, mtaa wetu ulilia kama uliofiwa na baba, na mama akiwa miongoni mwa waliolia. Lakini chekeche lile halikuweza kumtenga mwenye ghala la mabati na mwenye miche sita chini ya kitanda. Wote wawili waliitwa jina moja. Na mtu ukimwita mwizi kwa kujitafutia riziki, utamnyima sababu ya kuona aibu siku atakapoiba kweli.

Jambo ambalo wageni huwa hawalioni ni hili: katika mwaka uleule, mtaani kwetu uaminifu ulikuwa mkubwa kuliko leo. Mama alicheza upatu na wanawake wenzake kumi na moja, na hakuna aliyekula zamu yake akakimbia. Mchuuzi alimwachia gunia kwa mali kauli, yaani chukua mzigo sasa, uza, ulete fedha, bila karatasi wala shahidi, na mama alilipa hata mwezi ambao tulilala na uji. Dhiki haikuua uaminifu. Iliupunguza eneo. Ulitolewa kwa mgawo, kama sukari ya duka la kaya, ukawafikia wale tuliowajua kwa majina. Mgeni hakuwa na kadi.

Siyo sisi tu. Warusi, waliopanga foleni kwa miaka mingi kuliko sisi, wana neno blat, maana yake kupata kitu kwa kujuana, kile tulichokiita mlango wa nyuma. Januari 1992 serikali yao iliachia bei nyingi kwa siku moja, akiba za wazee zikayeyuka, na muda mfupi baadaye mamilioni wakaweka fedha katika kampuni ya kitapeli ya MMM ya Sergei Mavrodi, iliyoanguka mwaka 1994. Watu waliozoea kwamba kitu halali hakipatikani kwa njia halali, ni rahisi kuwaaminisha kwamba utajiri nao una mlango wake wa nyuma. Na sisi tulikuja kuuona wetu: mwaka 2009 ulipofungwa mchezo wa fedha wa DECI, watu wengi walikuwa wameshapanda mbegu wakingoja kuvuna.

Kwetu milango ilifunguliwa polepole. Bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi, na kilo 30 za nafaka zikawa 500. Shilingi iliyokuwa 17 kwa dola mwaka huo ikafika 40 mwaka 1986. Rais, Mzee Mwinyi, akasema ruksa, na Kariakoo ikajaa mitumba, redio, vitenge, sabuni za rangi zote.

Jioni moja mama alichukua jiwe la kusagia, akaweka kile kibaba cha bibi juu yake, akapiga kitako kutoka ndani mpaka kikakaribia kuwa sawa. Alidhani yamekwisha. Kesho yake akaanza kupoteza wateja. Mtaa mzima ulikuwa umeshazoea kibaba pungufu na bei ya kibaba pungufu. Yeye alipopima kamili kwa bei inayostahili, alionekana ghali. Hilo ndilo fundisho gumu kuliko yote niliyoyaona katika biashara: shida ikiondoka, desturi iliyozaliwa na shida haifuatani nayo. Inakuwa bei ya soko, na mkweli ndiye anayelipia gharama.

Miaka ya 1990 mashirika yalipunguza wafanyakazi na vijana wakamiminika kutoka mikoani. Wengi walitembeza bidhaa kwa jasho. Wachache walikaa na karata tatu pembeni mwa barabara. Simu za mkononi zilipoenea ukaja mchezo wa boksi. Siku moja kijana mgeni aliingia dukani kwangu ameshika boksi la simu lililofungwa nailoni vizuri, jasho limemtoka. "Shikamoo mama, naomba unisaidie kufungua." Nikampa wembe. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, kimechongwa kwa ustadi, pembe zimeviringwa, uzito uleule wa simu. Alikaa kwenye robota la kanga akakitazama bila kusema. Mimi nilikuwa naiona miche sita ya mama. Sabuni tuliyoizamisha chooni kwa kuwa ilikuwa mali, leo imerudi kuwa silaha.

Serikali imejaribu. Kuna shirika la viwango, TBS, kuna Tume ya Ushindani, kuna Wakala wa Vipimo anayegonga muhuri mizani, na Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Vyote vina faida. Lakini mita yangu ya chuma ya kupimia nguo haikunyooshwa na ofisa. Wateja wangu wa Lubumbashi na wa Moroni bado wanaondoka na marobota kwa mali kauli, na wanalipa. Uaminifu upo Kariakoo hii hii. Kazi iliyobaki ni kuutoa nje ya mduara wa majina.

Vijana wa dukani huniambia, "Mama, maisha magumu." Najua. Ugumu unaeleza mengi, na anayetunga sheria au kodi isiyolipika akumbuke kwamba anagonga vitako vya vibaba vya watu. Lakini mama yangu, katika ugumu uleule, alikuwa na vibaba viwili na alijua vizuri kipi ni kipi.

Alipozeeka nilimuuliza kwa nini wapita njia aliwapunja. Alinyamaza muda mrefu, mkono wake ukipapasa mkeka.

"Sikuwajua, mwanangu," akasema. "Majirani nimeshawasahau wengi. Wale wa Mnazi Mmoja nawaona mpaka leo, mmoja mmoja, wanavyofunga mchele wangu kwenye pindo la kanga na kuniambia asante."

Alikufa mwaka uliofuata. Kibaba cha bibi ninacho, kando ya mita. Ukikiweka mezani kinayumba kidogo.