Kipindi cha Lugha Mseto

Sokoni Litein, sentensi moja hubeba Kipsigis, Kiswahili na Kiingereza, na bei ya majani mabichi ya chai ikaeleweka vizuri tu. Kompyuta haina uvumilivu huo. Penyeza amri ya lugha ya programu ya R katikati ya mstari wa lugha nyingine, Python, kazi itasimama. Ndiyo maana anayezitumia zote mbili hufaidika na daftari la kielektroniki, ambalo hugawanywa visehemu: kila kisehemu kinaweza kuwa na lugha yake, na matokeo huonekana hapohapo kabla hujaandika kinachofuata.

Kazi ya namna hii naiita kipindi cha lugha mseto. Wapo wanaopendelea "mchanganyiko", lakini vilivyochanganyika huweza kupotelea ndani ya vingine. Serikali ya mseto iliyoundwa Kenya mwaka 2008 ilikuwa na pande mbili, kila upande na mawaziri wake. Python na R nazo hubaki kila moja na kumbukumbu yake. Hata jina Jupyter limeundwa kutokana na Julia, Python na R, ingawa kwa kawaida daftari moja la Jupyter huendeshwa na lugha moja. Ya pili huletwa kwa daraja kama rpy2.

Kwa nini kujisumbua? Python ni nyepesi kusafisha majedwali, na R ilibuniwa na wanatakwimu, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Auckland. Mtafiti wa Kericho anayelinganisha mavuno ya miche ya chai kama TRFK 6/8 ana sababu ya kuzitaka zote mbili.

Taabu iko darajani: kisanduku kitupu kinaweza kubadilika kikivuka, na kila lugha hukishughulikia kwa namna yake. Tuseme mkulima wa Bomet amepeleka kituoni kilo 20 Jumatatu na 30 Jumanne. Jumatano karani hakuandika kitu. Ukiiomba pandas, maktaba ya Python, wastani, itajibu 25, kwa kuwa hukiruka kisanduku kitupu bila kukuarifu. R hukataa kutoa namba mpaka uiamuru ikiruke. Na aliyejaza sifuri "ili jedwali lipendeze" atapata 16.7, kana kwamba tuna hakika mkulima hakuchuma. Namba hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana hata jedwali lenyewe halionyeshi tena dalili yoyote ya kasoro.

Basi kabla ya kuvusha jedwali, hesabu visanduku vitupu upande huu, kisha uvihesabu tena ng'ambo. Idadi zikitofautiana, usiendelee na hesabu.